Mwaka wa Kengele ya Liwatoni

Habari ya kufa kwa Athman niliipata kwa simu, asubuhi ya Jumatano, nikiwa jikoni nachambua mchele. Aliyenipigia alikuwa mwanamke niliyefanya naye kazi zamani, ambaye kwa desturi hunipigia sikukuu hadi sikukuu, kwa hivyo nilipoona jina lake siku isiyo sikukuu nilijua pana msiba. Tukaamkiana, tukaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha, ndipo akasema, "Athman fundi ametangulia. Wamemzika jana alasiri." Nikasema yanayosemwa, nikamshukuru, nikarudi kwenye ungo wangu. Niliuchambua ule mchele wote mpaka ukaisha, kisha nikaumwaga tena kwenye ungo nikaanza upya, kwa sababu sikujua mikono yangu niipe kazi gani nyingine. Hapakuwa na mtu wa kuja kunipa pole. Sikuwa mke wake wala jamaa yake. Nilimjua mwaka mmoja tu, mwaka wa tisini na sita. Katika mwaka huo nilimpenda, na katika mwaka huo huo nilimfanyia jambo ambalo sikuwahi kumsimulia mtu, si mama yangu, si marehemu mume wangu.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na kazi yangu ilikuwa kuketi mbele ya kompyuta katika kampuni moja ya samaki pale Liwatoni, Mombasa. Kampuni yenyewe ilikwisha kufa na jina lake halimfai mtu. Chumba changu kilikuwa juu ya ngazi za chuma, na chini yake palikuwa na chumba cha mitambo, kwa hivyo mchana kutwa sakafu ilikuwa ikitetemeka chini ya miguu yangu. Changu kilikuwa na dirisha moja lisilofunguka, feni, kiti chenye mto niliotoka nao nyumbani, na ile kompyuta, kubwa kama sanduku la bibi harusi, yenye kioo kilichopinda na printa iliyopiga kelele kama cherehani mbovu. Wanawake wa kupakia samaki walipenda kupanda wakati wa chai kuja kuitazama. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, wakasimama nyuma yangu wakinuka changu na barafu, na mmoja wao kila mara aliuliza, "Na sasa yasemaje?" Nikamwambia, "Yasema kuko salama." Wakacheka, wakashuka.

Na kweli hilo ndilo lililokuwa neno lake, salama au si salama. Kila dakika moja ile programu ilisoma namba saba: baridi ya vyumba sita vya kuwekea samaki, na hewa ya chumba cha mitambo. Baridi ilipimwa na vipimajoto vilivyofungwa ukutani. Hewa ilipimwa na kidude kidogo, mfano wa kikombe, kilichoangikwa juu ya mitambo ili kinuse amonia, ile gesi kali iliyozungushwa ndani ya mabomba kugandisha samaki. Wafanyakazi wote walikiita pua. Kila namba ilikuwa na kiwango chake. Ikiwa chini ya kiwango, iliandikwa kwa rangi ya kijani. Ikivuka, iligeuka nyekundu, kengele ya ukutani ikalia, na kompyuta ikapiga simu yenyewe, bila mkono wa mtu, nyumbani kwa fundi. Kiwango cha gesi kilikuwa ishirini na tano. Mtaalamu aliyekuja kuifunga alinifundisha kwa wiki mbili, akaniachia kitabu cha Kiingereza na neno la siri la kubadilishia viwango, akaniambia nisimpe mtu. Sikumpa mtu. Nasema hivyo ili ijulikane tangu hapa kwamba namba zile zilikuwa mkononi mwangu peke yangu.

Fundi ndiye Athman. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mpole wa maneno, mwenye tabia ya kuweka ncha ya bisibisi juu ya mtambo na mpini wake sikioni, akafumba macho akasikiza, halafu akasema kilipo kibovu. Siku ya kwanza alipanda ngazi, akasimama mlangoni akatoa salamu kamili, akangoja nimkaribishe kana kwamba ni nyumbani kwangu. Akatazama kioo kwa muda. "Bi Maimuna," akasema, "hii yako yaona namba tu?" Nikamjibu ndiyo, namba tu. "Basi tutasaidiana. Wewe utanambia namba, mimi n'takwambia sauti." Mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyolisema neno lile tutasaidiana, bila mzaha na bila kunitongoza, naona kwamba kila kitu kilianzia pale, ingawa wakati ule niliona tu kwamba viatu vyake vimechakaa na kwamba amevifuta kabla ya kupanda.

Nyumbani kwao kulikuwa Kibokoni, Mji wa Kale, ghorofani, kwenye nyumba yenye ngazi nyembamba za mawe ambazo mtu mnene lazima azipande kwa ubavu. Alikaa na mama yake, Bi Rukia, na dada yake Zuhura, aliyekuwa hirimu yangu. Simu yao ilikuwa nyeusi, imewekwa juu ya stuli na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Kompyuta ikipiga, anayeinua mkono wa simu husikia mlio mkali, kama mbinja isiyokwisha, na huo ndio ulikuwa ujumbe wote. Mara ya kwanza Bi Rukia alidhani ni shetani, akaisomea. Ya pili akaizoea. Ya tatu akaipa jina: akasimama dirishani akamwita mwanawe aliyekuwa barazani na wenzake, "Athmani, panda. Mkeo wa Liwatoni yuwakwita." Jina likashika mtaa mzima. Alipokuwa akikimbia vichochoroni na mfuko wake wa vyombo, wazee wa barazani walimwambia, "Nenda bwana, wa kule ana wivu."

Nilikwenda kwao mara ya kwanza siku ya Ijumaa baada ya sala. Kisingizio kilikuwa kujaribu simu. Bi Rukia alikuwa amepika wali wa nazi na nguru wa kupaka, na kachumbari ya embe mbichi. Tuliketi mkekani, Zuhura ananimiminia maji ya kunawa, na hatujafika katikati ya sinia simu ikalia. Bi Rukia akaiinua, akaisikiza, akaiweka chini taratibu. "Yuwalia tena," akasema. Athman akanawa, akaniomba radhi, akaenda. Nilijua ni bure, kwa sababu ilikuwa saa ya kuosha sakafu kwa maji ya moto, na pua ilikuwa imeanza kuuchukua mvuke ikadhani ni gesi. Nikabaki pale na aibu, kama kwamba ni mimi niliyepiga. Wenyewe wakaingia jikoni, na katika nyumba zile ukuta wa jikoni ni mapambo tu. Nikamsikia Bi Rukia akisema, "Yuwala kwa adabu, na hachagui mnofu." Zuhura akasema, "Mama, yuwakusikia." Bi Rukia akajibu bila kushusha sauti, "Nami nataka asikie." Athman aliporudi baada ya saa nzima, jasho limemlowesha, chakula chake kilikuwa kimefunikwa kawa, nami nilikuwa bado nimeketi pale pale, nimeshindwa kuondoka. Katika nyumba nyingi nimekula maishani mwangu, nyingine za watu wakubwa. Hiyo ndiyo sinia ninayoikumbuka.

Kusi ilipoanza kuvuma na hewa ikajaa unyevu, pua iliharibika kabisa. Haikungoja mvuke tena. Ililia kwa rangi ya mlango uliopakwa, ililia kwa dawa ya kuoshea, ililia kwa mvua. Kengele ikilia mimi nilishuka ngazi, wanawake wakaacha samaki wakatoka nje, meneja akatoka ofisini mwake na saa mkononi, na Athman akaja mbio kutoka alikokuwa akakuta hakuna kitu. Nilianza kuuona uso wake ukibadilika. Alikonda. Siku moja alisinzia amesimama, amejiegemeza kwenye ngazi zangu. Mama yake akawa analala na simu kando ya mto, kwa kuogopa asiisikie. Wenzake nao wakaanza dharau, wakawa kengele ikilia hawatoki tena mbio, wanatoka kwa kujikokota, wakicheka.

Ikawa siku ya Alhamisi akapanda kwangu, akasimama mlangoni kama kawaida yake. "Pua mpya iko njiani kutoka Nairobi," akasema. "Yafika mwisho wa wiki. Jumatatu asubuhi nitaifunga. Hiyo namba ya gesi, ipandishe."

"Niipandishe mpaka ngapi?"

"Mia mbili. Isilie ovyo. Siku nne tu, mpaka Jumatatu. Nikishafunga mpya nitakuja kukwambia, nawe uirudishe pale pale."

"Si hatari, Athman?"

"Siku hizo nne nitakuwa nikiingia mwenyewe kila saa. N'na pua yangu, hii haijaharibika." Akacheka kidogo. "Mama yangu hajalala, Maimuna."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita bila ya "Bi." Nikafungua ukurasa wa viwango, nikaandika neno la siri, nikafuta ishirini na tano nikaandika mia mbili. Kengele ikanyamaza. Siku zile nne palikuwa na ukimya Liwatoni ambao kila mtu aliufurahia, na Athman aliingia kila saa kama alivyoahidi, nikimsikia mlango wake chini ya miguu yangu.

Jumapili alasiri Athman alimwachia mwenzake zamu ya kunusa, akanipeleka ufukoni Mama Ngina, pamoja na Zuhura, kwa kuwa haikuwa sawa twende wawili. Watu walikuwa wengi, wanatembea kando ya bahari na watoto wao waliopakwa wanja. Tulikula mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, tukanywa madafu, na Zuhura, ambaye alikuwa na akili kuliko sisi wote wawili, akasema anakwenda kutafuta kashata, akapotea kwa muda mrefu kuliko kashata yoyote. Athman alikuwa akitazama vidole vyake vilivyopakaa pilipili. Akasema, "Mama yuwataka kuleta watu kwenu. Nimemwambia angoje nikuulize kwanda." Nikamuuliza aniulize nini. Akasema, "Ndiyo hilo." Nikacheka, naye akacheka, na hapo pilipili ikamwingia jichoni kwa kujifuta, akawa anatokwa machozi huku anacheka, nami nammwagia maji ya dafu usoni. Zuhura aliporudi akatukuta hivyo. Akasema, "Basi, nimeshajua jibu."

Jumatatu asubuhi alifunga pua mpya. Kabla ya saa nne alikuja mlangoni kwangu, mikono michafu, uso umenawiri. "Nimeshaifunga. Yanusa vizuri. Irudishe namba." Nikasema, "Haya." Nakumbuka nilisema haya, nakumbuka nilivuta kiti karibu na kioo. Na wakati ule ule wanawake wa kupakia wakapanda ngazi kwa kishindo, kwa sababu Zuhura alikuwa amekwisha kumwambia mmoja na mmoja kawaambia wote. Walikuja na mahamri na mbaazi kwenye sufuria, wakakijaza chumba, wakapiga vigelegele mpaka meneja akapiga ukuta wake kutunyamazisha. Athman alikimbia kwa haya. Waliponiacha nilikuwa nimeshiba, nina furaha, nimejipaka nazi ya mbaazi kwenye mkono wa nguo, na namba ya gesi kwenye kioo ilikuwa kijani. Sikukumbuka. Jumanne sikukumbuka. Jumatano nilikuwa nikifikiria rangi ya leso. Watu husema mtu husahau kwa uzembe au kwa uchovu. Mimi nilisahau kwa furaha, na sijui kama iko dini inayolipa jambo hilo jina.

Alhamisi, kama saa tano asubuhi, nilisikia hatua zake zikisimama chini ya ngazi. Hakupanda. Aliniita kutoka kule kule chini: "Maimuna, nasikia harufu kidogo huku. Kengele imelia?"

Nikageuza uso kukitazama kioo. Namba zote saba zilikuwa kijani.

"Haijalia," nikamwambia.

"Basi ni kidogo. Naingia kukaza."

Kinyago cha gesi kilikuwa kimeangikwa kwenye msumari, nje ya mlango wa mitambo. Hakukichukua, kwa kuwa mtu havai kinyago kwa harufu kidogo, na mimi nilikuwa nimemwambia kengele haijalia. Ni baada ya kusikia mlango wake kufunguka ndipo niliposoma ile namba yenyewe badala ya rangi yake. Ilikuwa mia na arobaini. Ilikuwa ikipanda kwa zaidi ya nusu saa, dakika kwa dakika, na kila dakika programu iliiandika kwa kijani kama nilivyoiamuru. Nilisimama. Nadhani nililiita jina lake. Hapo gasketi, ule mpira wa kuzibia maungio ya bomba, ikapasuka chini ya miguu yangu, mlio kama wa kitambaa kinachopasuliwa, kisha kengele ikalia, kwa haki, kwa mara ya kwanza mwaka ule.

Alitoka mwenyewe. Alitoka akipapasa ukuta, mikono imefunika macho, na hakuwa anapiga kelele, alikuwa anakohoa tu. Wanawake walimlaza chini wakamwekea mpira wa maji usoni, wakimfungua macho kwa nguvu ili maji yaingie, na yule aliyekuwa akiuliza kila siku mashine yasemaje ndiye aliyempakata kichwa. Mimi nilisimama kwenye ngazi. Nilitaka kushuka. Badala yake, na hili ndilo nililoficha miaka yote, nilirudi chumbani, nikafungua ukurasa wa viwango, nikafuta mia mbili nikaandika ishirini na tano. Ndipo nikashuka.

Haikunisaidia, kwa kuwa printa ilikuwa imekwisha kuandika kila kitu. Baada ya wiki mbili wakaja watu watatu, mmoja wa serikali na wawili wa bima, wakaketi ofisini kwa meneja na ile karatasi ndefu imekunjwa mezani. Walinipa soda. Waliniuliza kwa upole, kwa kuwa nilikuwa nimekonda na macho yamevimba, na kwa kuwa walikwisha kusikia habari ya posa.

"Nani aliyekipandisha kiwango hiki?"

"Ni mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Fundi Athman aliniomba."

"Alikwambia kibaki hivyo mpaka lini?"

Nje ya dirisha watu walikuwa wakipakia barafu, nasikia koleo zao. Meneja alikuwa akitazama kalamu yake. Hakuna aliyenitisha, hakuna aliyenikonyeza. Nilikuwa na wakati wa kutosha wa kufikiri, na nilifikiri. Nilifikiri kwamba Athman yuko hospitali, na kwamba akitoka hatarudi kazini kwa vyovyote, na kwamba mimi ndiye bado nina kazi. Nikasema, "Hakusema."

Wakaandika. Kisha wakaenda hospitali kumuuliza yeye. Ripoti waliyoileta ilikuwa ya mkono, na meneja akanipa mimi niipige kwa kompyuta, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kuipiga. Ndivyo nilivyoyasoma majibu yake, mstari baada ya mstari, nikiyapiga kwa vidole vyangu. Walimwambia nilivyosema. Walimuuliza kama ni kweli hakutaja siku ya kurudisha kiwango. Jibu lake lilikuwa hili: "Ikiwa ndivyo alivyosema Maimuna, andikeni ndivyo." Nikaipiga. Nikaikagua makosa ya herufi. Hukumu yao ikawa kwamba fundi alizima tahadhari yake mwenyewe, na kwamba hakuna wa kulaumiwa ila yeye. Akatoka mikono mitupu, jicho moja limekufa na la pili likiona mwanga tu, na Liwatoni nzima ikawa inamtaja kama fundi aliyejizimia kengele.

Hospitali nilikwenda mara moja. Nilipita kwenye ujia mrefu unaonuka dawa nikafika mlango wa wodi, na nikamwona kitandani, kitambaa machoni, Bi Rukia kando yake anamlisha uji kwa kijiko. Masikio yake yalikuwa yale yale. Kijiko kikiwa njiani akageuza kichwa. "Nani yule mlangoni?" akauliza. Bi Rukia akanitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, kijiko hewani, bila hasira, akinipa nafasi ya kujibu mwenyewe. Nilisikia pumzi yangu ikitoka, na nilijua kwamba naye anaisikia. Mwishowe Bi Rukia akasema, "Ni mtu kakosea mlango, mwanangu. Fungua kinywa."

Kabla ya mwaka kwisha niliacha kazi nikaenda Nairobi. Nikafanya kazi ya kompyuta maisha yangu yote, na kwa jambo moja nilisifiwa kila nilikokwenda: viwango vyangu havikubadilishwa bila karatasi, saini mbili, na siku ya kurudishwa. Vijana waliofanya kazi chini yangu walinicheka, wakasema Bi Maimuna ana woga. Niliolewa, nikazaa, nikafiwa na mume, nikarudi Mombasa na kujenga chumba na baraza upande wa bara. Kutoka kwangu mpaka Kibokoni ni mwendo wa kivuko na nusu saa kwa miguu. Sikuwahi kwenda. Habari zake nilizipata kwa kuokotezaokoteza: kwamba ameoa, kwamba ana watoto wawili, kwamba watu humletea friji zao mbovu naye huzisikiza tu akamwambia mkewe pa kufungua. Nikisikia hivyo nilifurahi siku nzima, kana kwamba furaha yangu ilikuwa na faida kwake.

Siku ya tatu baada ya ile simu nilivaa buibui nikaenda. Zile ngazi za mawe sasa nazipanda kwa ubavu. Matanga yalikuwa yanamalizika, wanawake wachache wamebaki, na Zuhura alikuwa ameketi pale pale palipokuwa na stuli ya simu. Amezeeka kama mimi. Alinijua mara moja, akanipa mkono, akanikalisha karibu naye, na kwa muda tukasema ya msiba: alivyougua kifua, alivyokuwa akikohoa tangu miaka ile, alivyokwenda bila taabu. Kisha nikamwambia. Sikuwa nimepanga maneno. Nikamwambia habari ya mpaka Jumatatu, habari ya mahamri, habari ya kijani, na lile neno nililowapa watu watatu nikiwa na soda mkononi.

Zuhura akanisikiza mpaka mwisho. "Tulijua," akasema.

"Aliwaambia?"

"Siku ile ile walipokuja kumuuliza. Mama akataka kwenda kwa meneja kukupasulia siri. Athmani akamkataza. Akasema, 'Yuwaogopa. Akipoa atakuja mwenyewe kunambia.'" Akanyoosha leso yake magotini. "Basi tukawa tunakungoja. Mlango ukibishwa yeye yuwageuza kitwa. Alikungoja miaka mitatu, Maimuna, ndipo akakubali kuoa."

Nililia, naye akaniacha nilie, hakunishika wala hakuniondokea. Nilipotulia nikamwomba msamaha. Akafikiri. "Mimi sikukusamehe," akasema kwa sauti ya kawaida. "Wa kukusamehe alikuwa yeye, nami naona alikwisha kusamehe zamani, na hilo ndilo lililoniudhi mimi. Lakini liko jambo moja waweza kulifanya. Watoto wake hawakuambiwa. Mwenyewe hakutaka watajiwe jina la mtu. Wamekuwa wakubwa wakisikia mitaani kwamba baba yao alijizimia kengele. Binti yake ni fundi wa umeme, na wenziwe humtania kwa hilo mpaka leo."

Akamwita. Akaja mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mwembamba, mikono ina makovu madogo ya kazi. Akanipa shikamoo, akaketi mbele yangu kwenye mkeka, akangoja, na jinsi alivyongoja nilijua ni ya nani. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamwambia baba yake aliniomba siku nne tu, akaja mwenyewe kunambia niirudishe namba, nami nikasahau, na nilipoulizwa nikasema uongo. Nilipomaliza akauliza, "Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote."

Akanitazama, kisha akainuka akaenda dirishani, akamwita kakake aliyekuwa barazani na wazee. Nikasikia hatua zikipanda ngazi. Akaingia kijana mrefu mwenye kofia ya mkono, akasimama mlangoni akatoa salamu kamili.

"Ndoo ukae umsikize huyu mama," dada yake akamwambia. Akanigeukia. "Mwambie na yeye. Yote, kama ulivyonambia mimi."

Nikamwambia.